Changa Kwanza, Ndipo Upande Baiskeli

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, Dar es Salaam huota waendesha baiskeli wapya. Watu ambao tangu Januari hawajapanda hata ngazi za ofisini unawakuta Jumamosi alfajiri Barabara ya Bagamoyo, miwani myeusi usoni, kaptula za kubana, simu mkononi, wanapigana picha. Wamejiandikisha kwenye msafara wa Twende Butiama. Wanakwenda Butiama kwa Mwalimu Nyerere, mkoani Mara, kwa baiskeli, ili wafike karibu na tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Njiani hugawiwa madawati, hupandwa miti, na wananchi hupimwa afya. Kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, ambayo ndiyo nitakayoizungumzia hapa, ni zaidi ya kilomita 1,300.

Naupenda msafara wa namna hii kwa moyo wote, na ndiyo maana mwongozo huu una ukali kidogo. Mwendesha baiskeli wa hisani akijiandaa vibaya hugeuka mgonjwa wa watu aliokwenda kuwasaidia. Zahanati ya kijiji yenye chupa chache za maji ya mishipani haikujengwa kwa ajili ya meneja wa Masaki aliyesahau kunywa maji.

Anza na simu. Baiskeli itasubiri. Safari ya hisani ambayo mpandaji wake hajachangisha ni matembezi tu, tena ya gharama. Tatizo ni kwamba unaingia kwenye soko lililojaa. Huyo unayetaka kumwomba ana makundi mawili ya harusi kwenye WhatsApp, moja la sendofu, moja la ubarikio, na moja la msiba ambao arobaini ilikwishapita lakini kundi bado lipo na mtu anaweka humo picha za "asubuhi njema". Ukimtumia ujumbe mrefu unaoanza na "Ndugu, jamaa na marafiki", ataufungua na kuufunga, na hutamlaumu.

Mpe hesabu. Mwambie: nakwenda kilomita 1,300, nilipie shilingi 100 kwa kila kilomita. Hiyo ni 130,000. Anayeona ni nyingi achukue kipande: shangazi alipie Dar hadi Chalinze, wafanyakazi wenzako wagawane Dodoma hadi Manyoni, na yule rafiki anayejisifu kuwa na hela mwachie Singida hadi Nzega, kipande kirefu chenye jua. Mtu akishanunua kipande chake atakufuatilia. Atakupigia siku hiyo akuulize umefika wapi, kwa sababu sasa ana mali barabarani.

Halafu nenda kwa seremala wa mtaani kwako umuulize dawati moja la wanafunzi wawili linatoka kwa shilingi ngapi. Bei hiyo iandike ukutani. Kuanzia siku hiyo hesabu zako zote zifanye kwa madawati: baiskeli ya kaboni unayoitamani ni madawati mangapi, chumba cha hoteli chenye kiyoyozi ni madawati mangapi, fulana maalumu yenye jina lako mgongoni ni robo ya dawati au nusu. Ukimaliza hesabu na ukaona gharama zako wewe na gari lako la kukufuata zimezidi ulichochangisha, baki Dar, toa nauli yako yote kwenye mfuko wa msafara, na utakuwa umefanya jambo kubwa kuliko wengi watakaofika.

Na hela za watu zisilale kwenye simu yako hata usiku mmoja. Huko zitachanganyika na za LUKU na za vocha, na mwisho wa mwezi hutajua ipi ni ya dawati. Mchango uende moja kwa moja kwenye akaunti ya msafara, wewe ubaki na daftari: jina, ahadi, taslimu, salio. Anayekuambia "niweke elfu hamsini" muweke kwenye safu ya ahadi, na usimhesabu hadi ujumbe wa muamala uingie.

Sasa mwili. Butiama haifikiki kwa ujasiri wa siku moja. Mtu yeyote mwenye hasira anaweza kuendesha kilomita 80 Jumamosi. Kipimo ni Jumapili: uamke, ukalie tandiko lilelile kwenye makalio yaleyale, na uendeshe nyingine 80. Ukiweza hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo, uko tayari kuanza kujiita mshiriki. Na kumbuka unaanzia usawa wa bahari. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu, Singida karibu 1,500, na hata Ziwa Victoria lenyewe, ambako wageni hudhani watashuka kama wanavyoshuka kwenda Kunduchi, liko mita 1,134. Kwa hesabu ya jumla, unapanda.

Kuhusu makalio nitasema wazi, kwa sababu wenye aibu ndio wanaoumia. Kaptula ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani. Bila kabisa. Mshono wa nguo ya ndani, jasho na vumbi la Gairo vikikutana kwa saa sita vitakuchubua ngozi mpaka ushindwe kukaa kwenye kiti cha mgahawa. Paka mafuta mazito ya mgando kabla ya kuondoka, fua kaptula kila jioni, na uwe na mbili. Tandiko jipya lisifungwe wiki ya safari. Lizoeane nawe mapema. Liinue hadi mguu ubaki na mkunjo kidogo pedali ikiwa chini kabisa. Likiwa chini mno, magoti yatakulilia Morogoro.

Baiskeli yenyewe haina haja ya kuwa ya ajabu. Iwe na breki mbili zinazoshika, gia za kukutoa mlimani, rimu zilizonyooka na tairi zisizo na nyufa. Peleka kwa fundi mwezi mmoja kabla. Ukiipeleka usiku wa kuamkia safari, utakuta mafundi wote wa mjini wana baiskeli za wenzako ishirini waliofikiri hivyohivyo.

Jifunze kuziba pancha kwa mikono yako. Miiba ya migunga ya Dodoma na Singida haimwogopi mtu, na gari la msaada haliwezi kuwa kwa kila mmoja. Kama hujui, kaa siku moja na fundi yeyote wa kando ya barabara, chini ya mwarobaini wake, uangalie anavyofanya. Anapindua baiskeli, magurudumu juu. Anang'oa ukingo wa tairi kwa kijiko cha chuma, anavuta tyubu, anaijaza upepo na kuizungusha polepole ndani ya karai la maji hadi mapovu yatokee. Anaweka alama kwa ncha ya njiti. Anaikausha, anaisugua msasa hadi mpira uwe mweupe, anapaka solusheni, kisha anaacha. Hapo ndipo wanaojifunza hukosea: wanabandika gundi ikiwa bado mbichi. Fundi anaongea habari za Simba na Yanga hadi gundi ishike kidole bila kukifuata, ndipo anaweka kiraka alichokata kwenye tyubu kuukuu na kukigonga. Kabla ya kurudisha tyubu anapitisha kidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, kuutafuta mwiba uliofanya kazi hiyo. Asiyepitisha kidole ataziba pancha ileile tena baada ya nusu kilomita.

Mlipe fundi bei yake. Anayekuja na fulana iliyoandikwa "kusaidia jamii" kisha akapunguziwa mia tano na fundi wa Kintinku amesoma fulana yake vibaya.

Barabarani kuna sheria moja iliyo juu ya nyingine zote: msafara huendeshwa kwa mstari mmoja. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Dar kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Malori ni mengi, yamepakiwa sawasawa, na madereva wake wako nyuma ya ratiba. Lori likikupita, upepo wake hukusukuma nje kwanza, halafu mwisho wa tela hukuvuta ndani. Anayeendesha sambamba na mwenzake wakisimuliana habari za kazini ndiye anayevutwa. Shika usukani kwa mikono miwili, viwiko vilegee, macho mbele, na usigeuke kumpungia mtu mkono lori likiwa ubavuni.

Kumfuata mwenzako kwa karibu kunakupunguzia upepo na kunaokoa nguvu nyingi, lakini ni haki yenye zamu. Kuna wapandaji ambao tangu Kibaha hadi Dodoma hujificha nyuma ya migongo ya wengine, kisha mji ukionekana wanachomoka mbele ili kamera ziwakute wanaongoza. Wote tunawajua. Ukiwa mbele, toa ishara ya mkono kwa shimo, tuta au jiwe, na useme kwa sauti. Wa nyuma haoni kitu ila mgongo wako.

Milima ni ya kuheshimu kwenda juu na chini. Ukitoka bonde la Bahi na Kintinku, Saranda inakungoja kabla ya Manyoni. Punguza gia mapema, kaa, endesha kwa pumzi yako mwenyewe, usishindane na kijana wa chuo. Ukishindwa, shuka kwenye baiskeli; kutembea hatua mia mbili ukiisukuma hakujawahi kumpunguzia mtu heshima. Hatari halisi iko Sekenke, baada ya Singida, mahali ambapo nyanda za Iramba zinaporomoka kuelekea Shelui. Madereva wa malori wenye uzoefu huingia pale kwa gia ndogo kabisa, na mabaki ya wasio na uzoefu huonekana korongoni. Wewe shika breki zote mbili kwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, ili rimu zisipate moto. Uache nafasi kubwa na aliye mbele yako. Anayetaka kupima kasi ya juu ya maisha yake aende akaipimie mahali ambapo hakuna tela la tani 30 linalonuka breki nyuma yake.

Kunywa kabla ya kiu. Kwenye jua la Oktoba la Kanda ya Kati, mtu anayekunywa maji matupu siku nzima na kutoka jasho siku nzima hupoteza chumvi, na jioni miguu hukakamaa kitandani. Dawa yake inapatikana kila duka la kijiji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa visiwe vya kufurika. Ndicho kile kinywaji tunachowapa watoto wanaoharisha, na hakuna chupa ya rangi ya bluu kutoka supamaketi inayokizidi. Kwa chakula, wali na maharage usiku, uji na viazi asubuhi, ndizi na karanga mfukoni. Ukifika Usukumani, nunua michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vyepesi, vitamu, haviharibiki upesi, vinalisha mwendo mrefu. Wasukuma walishatengeneza chakula cha waendesha baiskeli kabla ya viwanda kufikiria jambo hilo.

Sasa nifike kwenye sherehe, kwa sababu ndipo msafara wa hisani unapoweza kuharibika hata kama hakuna aliyepata pancha. Utawasili shuleni saa saba mchana badala ya saa nne. Wanafunzi watakuwa wamesimama kwenye mstari tangu saa tatu, juani, wameshika maua ya karatasi, na vipindi vya siku hiyo vimekwisha kupotea. Meza kuu ina kitambaa, maji ya chupa na kivuli. Mgeni rasmi ana hotuba ya kurasa kumi na moja. Nakuomba wewe mshiriki, mwenye sauti kwenye kamati, ulisimamie hili: piga simu njiani mkichelewa, watoto waendelee kusoma hadi mtakapoonekana; mkifika, watoto wakae kivulini; hotuba zisizidi dakika kumi kwa wasemaji wote. Hundi kubwa ya mfano iliyochapishwa mjini iacheni hukohuko. Gharama ya kuichapisha ni ya mbao.

Dawati ni jambo zito kwetu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni, na nchi nzima ikaona jinsi wengi wao walivyokaa chini. Mwaka huohuo Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 ilizobana kwenye matumizi yake ili zinunue madawati. Mtoto anayeandika akiwa amelala kifudifudi sakafuni mwandiko wake unaonekana hata ukifungua daftari lake nyumbani. Kwa hiyo dawati unalopeleka liwe la mbao ngumu, miguu ya chuma iliyoungwa vizuri, na litengenezwe na seremala wa wilaya hiyohiyo. Litakuwa la bei nafuu kwa kuwa halikusafirishwa, hela itabaki pale, na likilegea aliyelitengeneza yuko karibu. Kabla ya kuondoka shuleni, likalie. Likiyumba chini yako dakika moja, litayumba chini ya watoto wawili mwaka mzima.

Na miti. Mti uliopandwa Dodoma mapema Oktoba una kazi kubwa kuliko yako. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, na kwa kawaida huanza kukolea Desemba. Kati ya siku ya picha na siku ya mvua kuna wiki nyingi za jua na mbuzi. Ukipanda na kuondoka, umepanda chakula cha mbuzi. Ulizeni kabla hamjachimba shimo: nani atamwagilia, maji yatatoka wapi, uzio wa miiba utajengwa na nani? Kama majibu hayapo, wapeni shule miche, ndoo na hela ya uzio, waipande wenyewe mvua zikianza. Miti 20 inayoishi ni zawadi. Miche 500 iliyokauka ni aibu ambayo wenyeji wataitazama hadi mwakani mtakapopita tena.

Ukivuka Nzega na kuingia Shinyanga, jiandae kwa somo. Huku baiskeli ndiyo usafiri wenyewe. Kuna daladala za baiskeli, keria imewekewa mto, zinabeba abiria kwenda sokoni na wagonjwa kwenda hospitali. Utakuwa na gia zako 22 na viatu vinavyong'ang'ania pedali, na atakupita mzee mwenye Phoenix isiyo na gia hata moja, magunia mawili ya mkaa nyuma, amevaa kandambili. Msalimie. Asubuhi sema "Mwangaluka", au shikamoo itatosha. Atakuitikia "Marahaba, mwanangu," na atakuuliza mnakwenda wapi na mnakwenda kufanya nini. Jibu liwe tayari, fupi na la kweli: tumechanga madawati kadhaa, tumeyapeleka shule fulani. Kama jibu lako pekee ni kwamba unafanya mazoezi, atakuonea huruma, na atakuwa na haki.

Kipande cha mwisho, Mwanza hadi Butiama, kipite kwa akili iliyotulia. Baada ya Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, nyani hukaa kando ya lami wakisubiri wajinga wenye ndizi, usiwarushie kitu. Lakini nataka ufikirie zaidi miguu kuliko nyani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha la Februari 5, vijana walitembea kwa miguu kutoka mikoa mbalimbali kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki njiani akitokea Arusha kwenda Dar es Salaam. Oktoba mwaka huohuo Rais Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Wewe unaipita njia hiyo kwa kinyume, na una magurudumu. Kwenda mbali kwa ajili ya jambo unaloliamini hatukukuiga mahali; ni desturi ya nchi hii, na ukilijua hilo hutathubutu kulalamika kwamba chai ya Bunda haikuwa na tangawizi.

Ukifika Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu, vua kofia ngumu, ingia kwa utulivu, nyamaza kidogo. Picha zipigwe baadaye, nje.

Kisha malizia kazi uliyoianza na simu. Ndani ya wiki moja ya kurudi, waandikie wote waliokuchangia, kila mtu kwa jina lake: umechanga kiasi hiki, jumla ilikuwa kiasi hiki, madawati yamekwenda shule hii, na hii hapa picha ya watoto wameyakalia. Walioahidi na hawajatoa wakumbushe mara moja, kwa upole. Februari, mvua zikiwa zimenyesha, mpigie mwalimu mkuu umuulize miche mingapi imeshika, uwaandikie tena. Ukifanya hivyo, mwakani watakuuliza wao kama unakwenda.